Inakubali Kwangu, Inakataa Kwao: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Programu za Windows

Mada kwa semina ya watengenezaji programu, mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA, Morogoro



1. Utangulizi

Nianze kwa kujishtaki. Miaka michache iliyopita nilitengeneza programu ndogo ya mauzo kwa kikundi cha wakulima huko Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Kazi yake ilikuwa kupokea kilo za njegere, karoti na kabichi, kutoa stakabadhi, na kumpa kila mwanachama hesabu yake mwisho wa wiki. Nyumbani Kihonda niliijaribu wiki mbili, haikugoma hata mara moja. Siku ya kukabidhi niliinakili kutoka kwenye flashi, ikafunguka, wakapiga makofi, nikateremka mjini. Kesho yake asubuhi karani akapiga simu.

"Fundi, hii programu inakataa kutoa stakabadhi."

"Zima uwashe, mama."

"Nimezima nikawasha mara tatu, mwanangu. Imeleta maneno na namba."

Sikumwuliza namba gani. Nilipanda gari kupitia Sangasanga hadi kule juu, nusu siku ikapotea. Nilipofika, mama yule alinifungulia daftari la mauzo. Chini ya hesabu ya njegere alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kwa herufi, ujumbe wote wa kwenye kioo, pamoja na namba: 80040154.

Namba hiyo ilikuwa na jibu zima ndani yake. Katika Windows maana yake ni kwamba programu imeomba komponenti ambayo haijasajiliwa kwenye kompyuta ile. Ya kwangu ilikuwa nayo kwa sababu zana za kutengenezea programu ziliisajili siku nilipozisakinisha. Nilipeleka programu Mgeta, komponenti ya kuchapia ikabaki Kihonda.

Hoja ya mada hii inatoka hapo. Tunapoambiwa programu imegoma, wengi wetu hukimbilia kwenye msimbo. Mara nyingi msimbo hauna kosa, ila kompyuta ya mtengenezaji na ya mtumiaji zimetofautiana mahali fulani. Fundi mzuri huanza na swali moja: mashine hii imekosa nini, au imezidi nini, ikilinganishwa na ile inayokubali? Nitapitia tofauti tano zinazotusumbua zaidi, kisha nieleze jinsi ya kuzitafuta.

2. Komponenti na daftari la mjumbe

Microsoft walileta mfumo wa komponenti uitwao COM mwaka 1993. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998, zimejengwa juu yake, na bado zinahesabu dawa na misumari madukani.

Mgeni akiingia mtaani kumtafuta mtu, hupita kwa mjumbe. Mjumbe hufungua daftari na kumwelekeza nyumba. Rejista ya Windows ndiyo daftari hilo. Programu hutaja jina la komponenti. Rejista hulibadili jina kuwa namba ndefu ya biti 128, kisha namba hiyo huelekeza kwenye faili, yaani mahali komponenti ilipo kwenye diski. Kwa hiyo safari inaweza kukatika sehemu tatu. Huenda jina halimo kabisa kwenye daftari. Huenda jina limo, lakini nyumba iliyoandikwa imebomolewa: faili limefutwa au limehamishwa. Au nyumba ipo na mwenyewe yupo, ila hawezi kutoka kwa sababu anamtegemea mwingine ambaye hayupo: faili moja linahitaji faili jingine la maktaba.

Dawa ya kukatika kwa kwanza ni amri ya regsvr32, inayoandikisha komponenti. Ya pili ni kurudisha faili mahali pake na kuandikisha upya. Ya tatu ndiyo inayodanganya, kwa sababu Windows inaweza kulalamika kwamba faili la kwanza halipatikani, wakati unaliona kwa macho yako. Ukiona hivyo, acha kubishana na kompyuta. Tafuta faili la pili.

3. Wajumbe wawili: biti 32 na biti 64

Windows ya biti 64 ina madaftari mawili, moja la programu za biti 64 na jingine la biti 32. Komponenti iliyoandikishwa kwa mjumbe mmoja haionekani kwa mwingine. Isitoshe, programu ya biti 64 haiwezi kupakia ndani yake faili la maktaba la biti 32, wala kinyume chake. Dalili yake ni ujumbe kwamba faili lina muundo usio sahihi, mara nyingi na namba 8007000B, au ule unaodai komponenti haijasajiliwa ilhali umetoka kuiandikisha sasa hivi.

Majina ya folda nayo yanachanganya. Folda iitwayo System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Microsoft waliliacha jina la zamani ili programu zilizokuwa zikilitegemea zisivunjike. Ukitaka kuandikisha komponenti ya biti 32, tumia regsvr32 iliyomo SysWOW64, na ufungue dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi.

Wanaotumia kanzidata za Access zenye faili la mdb hukutana na sura nyingine ya tatizo hili. Kiunganishi cha zamani, Jet 4.0, kipo cha biti 32 tu. Programu ya .NET iliyoachwa ijichagulie biti itaendeshwa kwa 64 kwenye mashine mpya, itakitafuta kiunganishi hicho, na kuambiwa hakipo. Njia rahisi ni kuijenga upya programu ikiwa imefungwa kwenye biti 32, yaani x86. Hiyo ni kubadili mpangilio mmoja na kujenga upya, lakini nimeona watu wakiandika programu nzima upya kwa kutojua.

4. Madaftari mawili ya madeni

Duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini lilikuwa na wahudumu wawili, wa asubuhi na wa jioni. Kompyuta ni moja, programu ni moja. Hata hivyo yule wa asubuhi aliona mteja anadaiwa mabati, wa jioni akaona mteja huyohuyo hana deni. Wakaanza kutazamana vibaya, na mwenye duka akataka kumfukuza mmoja wao.

Hakukuwa na mwizi. Programu ilikuwa imewekwa kwenye Program Files, na kanzidata yake imo humohumo. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya folda hiyo. Tangu Windows Vista, ili programu za zamani zisigome, Windows inazichezea mchezo: programu inadhani imeandika Program Files, kumbe imetengenezewa nakala ya siri kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya akaunti ya mtumiaji. Kila mhudumu alikuwa akiingia kwa akaunti yake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na daftari lake la madeni.

Ndugu washiriki, hitilafu ya aina hii ni mbaya kuliko inayogoma, maana haitoi ujumbe wowote. Tiba yake ni kutoweka data kwenye Program Files. Iweke kwenye ProgramData, na wakati wa kusakinisha uwape watumiaji wote ruhusa ya kuandika kwenye folda yako. Ruhusa usiisahau: bila hiyo, faili lililoundwa na mmoja huenda mwingine akalisoma tu bila kuweza kulibadili.

5. Ukame wa Aprili

Mfano wa tatu unahusu mvua. Kijana mmoja aliniletea kumbukumbu za mvua za mwaka mzima zilizopimwa hapa upande wa mjini. Jumla ya mwaka ilikuwa sahihi na hakuna siku iliyokosekana. Lakini ripoti ilionyesha kwamba kuanzia tarehe 6 hadi 9 Aprili, katikati ya masika, hakukunyesha hata tone, na mwanzoni mwa Julai palikuwa na mvua kubwa. Yeyote aliyeishi Morogoro anajua kwamba Julai ni kiangazi.

Programu ilikuwa ikiunganisha tarehe ndani ya amri ya SQL kama maandishi. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Injini ya Access, tarehe ikiwa ndani ya alama za reli (#), husoma mwezi kwanza kwa mtindo wa Marekani. Tarehe 7 Aprili iliandikwa 07/04, ikahifadhiwa kuwa 4 Julai. Tarehe 4 Julai nayo ikageuka kuwa 7 Aprili. Siku zikabadilishana viti. Ilipofika tarehe 13 na kuendelea, injini iliona hakuna mwezi wa 13, ikasoma sawasawa bila kusema neno. Ndiyo maana nusu ya pili ya kila mwezi ilikuwa sahihi, na kijana akaamini kwamba kosa ni la kipima mvua.

Usiunganishe tarehe kwa maandishi; tumia vigezo vya amri. Ukilazimika kuandika tarehe, anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-07 haina tafsiri mbili kwa injini ya Access. Ukiijaribu programu, usitumie tarehe 25. Tumia tarehe 5, ndiyo itakayokufichulia.

6. Vitegemezi na bando

Mashine nyingi za Windows 10 hazina .NET Framework 3.5 iliyowashwa, na programu nyingi za zamani zinaihitaji. Windows hujitolea kuipakua, jambo zuri kwa mwenye intaneti ya uhakika. Ofisi inayotegemea bando la simu inaweza kusubiri asubuhi nzima na kuishia kwenye ujumbe wa kushindwa. Fundi anayepanda Kinole au Matombo abebe faili la usakinishaji la Windows la toleo lilelile kwenye flashi. Ndani yake mna folda ya sources\sxs, na amri ya DISM itaisakinisha .NET 3.5 kutoka humo bila kugusa intaneti.

Vilevile abebe vifurushi vya Visual C++ vya biti 32 na 64. Ujumbe kwamba VCRUNTIME140.dll halipo hauponywi kwa kupakua faili hilo moja kutoka tovuti usiyoijua. Huko unaweza kuokota toleo lisilo lake, au kirusi. Sakinisha kifurushi kizima kutoka Microsoft.

7. Namna ya kutafuta

Kwanza, soma ujumbe wote, na namba yake. Pili, uliza maswali matatu: imeanza lini, inamkataa nani, na nini kilibadilika kabla yake. Swali la pili peke yake lingelimaliza lile suala la mabati kwa dakika tano.

Tatu, washa Process Monitor, zana ya bure ya Sysinternals, tovuti iliyochukuliwa na Microsoft mwaka 2006. Huonyesha kila faili na kila mstari wa rejista ambao programu inauomba. Mara ya kwanza utaogopa, kwani mistari hutiririka kwa maelfu. Chuja kwa jina la programu yako, rudia kitendo kinachogoma, kisha simamisha. Angalia mistari yenye matokeo ya "NAME NOT FOUND" karibu na mwisho. Mingi haina maana, kwa sababu Windows hutafuta faili moja katika folda kadhaa kabla ya kulipata. Unaoutaka ni ule wa kitu kilichotafutwa kila mahali na hakikupatikana popote.

Nne, usifiche makosa. Katika Visual Basic kuna mstari wa On Error Resume Next, ambao huiambia programu iendelee hata ikiumia. Wengi huutumia ili mteja asione ujumbe mbaya. Mficha maradhi kifo humuumbua: kosa lililonyamazishwa leo litatokea baada ya miezi sita likiwa hesabu zisizolingana, na hapo hakuna atakayekumbuka lilianzia wapi. Kama hutaki kumtisha mteja, andika kosa kwenye faili la kumbukumbu pamoja na tarehe, saa na namba.

Tano, jaribu kwenye mashine safi kabla ya kukabidhi. Windows Pro, kuanzia toleo la 1903 la mwaka 2019, ina Windows Sandbox, inayokufungulia Windows mpya isiyo na zana zako zozote. Ikikubali humo, uwezekano wa kukubali kwa mteja ni mkubwa.

8. Hitimisho na mapendekezo

Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ofisi na maduka yatahamisha programu zao za zamani kwenda mashine mpya, na simu zitaita kwetu. Napendekeza mambo matatu. Walimu wa TEHAMA wafundishe kusoma hitilafu kama wanavyofundisha kuandika msimbo. Kila mtengenezaji akabidhi kisakinishi kamili chenye komponenti zake zote, asikabidhi folda ya kunakili. Na kila anayemkabidhi mteja programu amkabidhi pia daftari la hitilafu, lenye nafasi ya tarehe, kitendo, maneno na namba.

Hilo la tatu nimelipata Mgeta. Mama yule hakuwa amesoma kompyuta popote. Alikuwa amezoea kwamba kitu kikipokelewa kinaandikwa, kiwe kilo za karoti au namba asiyoijua. Siku hizi simu yake ikiita, swali langu la kwanza ni moja: "Mama, umeandika nini?"