Nani Amwulize Diwani?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Rongai



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limezungumzwa pembeni mwa mikutano yetu kwa muda mrefu, lakini halijapata kuandikwa katika taarifa ya mwaka. Nalo ni hili: mtu tuliyemchagua kwa kura zetu wenyewe ili asimamie mambo yetu, akikaa kimya au akifanya visivyo, ni nani amwulize, na amwulize kwa njia gani?

Kwanza twaomba ruhusa tuondoe kosa moja. Tusemapo Rongai twamaanisha Rongai hii ya Nakuru, ya stesheni ya reli na mashamba ya mahindi, wala si Ongata Rongai iliyoko Kajiado. Mwacheka, lakini katibu wetu ndiye ajuaye ni barua ngapi zimepotelea huko.

Wazee walioketi hapa mbele wengi wao ni wana wa watu walioitwa maskwota. Baba zao na mama zao walilima na kukamua katika mashamba ya walowezi chini ya sheria za mwaka 1918 na 1937, ambazo zilimpa mtu ruhusa ya kukaa na familia yake kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Wenzetu wa rizavu walipata Baraza za Wenyeji kwa sheria ya 1924, ijapokuwa D.C. ndiye aliyekalia kiti. Huku kwetu hata hizo hazikuwako. Baraza za wilaya za nchi hii ya juu zilikuwa za walowezi, nao waliulizana wenyewe kwa wenyewe. Kura ya kwanza ya Waafrika, ya kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, ilipigwa Machi 1957, na hata hiyo haikuwa sawa kwa wote: mtu mwenye elimu na mali aliweza kuwa na kura tatu, na jirani yake asiwe na hata moja. Mpaka Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopiga kura moja na yenye uzito ule ule. Twayasema haya kwa kuwa vijana wengine husema ati kura ni karatasi tu. Wazee hawa waliishi miaka mingi bila karatasi hiyo, na wajua ilivyokuwa.

Baada ya Uhuru tulikuwa na madiwani katika Baraza la Kaunti. Lakini tangu Januari 1970, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1969, mabaraza ya kaunti yaliondolewa shule za msingi, afya na barabara, vikachukuliwa na Serikali Kuu. Diwani akabaki na jina kubwa na mfuko mdogo. Kwa maoni yetu hapo ndipo tabia mbaya ilipoota mizizi. Mtu asiye na barabara ya kutengeneza wala zahanati ya kusimamia atawapa watu wake nini? Atawapa kibanda sokoni, leseni, na mchango wa mazishi. Nasi tukazoea kumpima diwani kwa mkono wake, tukaacha kumpima kwa kazi yake.

Mambo yalibadilika kwa Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza ya zamani yalikoma, zikasimama kaunti 47, nazo zikarudishiwa zahanati, masoko, maji, takataka, shule za chekechea na barabara ndogo. Kaunti zote pamoja hazipewi chini ya asilimia 15 ya mapato ya nchi. Kaunti yetu ya Nakuru ina wadi 55, na tano kati ya hizo ni za jimbo la Rongai: Menengai Magharibi, Soin, Visoi, Mosop na Solai. Basi mtu wa mji mdogo kama wetu, katika mambo ya kaunti, aliye wake hasa ni Mwakilishi wa Wadi mmoja. Twaendelea kumwita diwani, naye haoni vibaya.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 9, yaeleza kazi ya mwakilishi huyo. Awe karibu na wapiga kura na kushauriana nao, ayapeleke maoni yao katika Bunge la Kaunti, ahudhurie vikao, alete habari kutoka huko. Kisha sheria hiyo hiyo yamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji wa kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wa serikali. Yaani kujenga si kazi yake. Kazi yake ni kumsimamia yule anayejenga, na kumwuliza fedha zimekwendaje. Basi diwani akisimama juu ya kalavati na kusema, "Hili nimewajengea mimi," amesema maneno mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza fedha si zake. Pili, kama kweli ni yeye aliyejenga, ni nani atakayelikagua?

Na tusimlaumu yeye peke yake. Halmashauri imekubaliana kwamba jambo lifuatalo lisemwe waziwazi, ijapokuwa ni la kutuaibisha.

Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilikuwa kikiezeka jengo hili mlimoketi. Fedha zilitupungukia. Mwakilishi mmoja wa wakati huo, ambaye hatumtaji yeye wala wadi yake, alituletea mabati ya upande mmoja wa paa, tukampigia makofi na vigelegele, na jina lake likaandikwa katika taarifa ya mwaka ule. Haikupita mvua moja, mtaro uliokuwa umechimbwa karibu na soko ukabomoka. Maji yakaingia katika vibanda vya akina mama wauzao mboga, na mmoja wao akapoteza magunia yake yote ya viazi. Wakaja kwetu, maana ni wanachama, wakasema: mwandikieni diwani, aulize kontrakta alilipwa kiasi gani, na nani aliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika. Barua iliandikwa. Ilikaa katika meza ya halmashauri muda wa miezi minne bila kupelekwa. Kila mkutano palikuwa na mzee aliyeinua macho kuyatazama mabati, akasema, "Tungoje kidogo." Hakuna aliyetukataza, tulijikataza wenyewe. Yule mama wa viazi aliacha kulipa ada yake, na hatukuwa na uso wa kumdai.

Barua ilipopelekwa mwishowe, tulipata jibu la mdomo kwamba jambo linashughulikiwa. Mtaro ulitengenezwa baadaye. Bei ya ule wa kwanza hatujaijua hata leo.

Tumeyatazama makosa yetu, na haya ndiyo tuliyojifunza. Tulikwenda tumechelewa. Kaunti ina kalenda yake ya fedha, na kalenda hiyo haimngoji mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Anayekwenda kulia juu ya mtaro mwezi wa Julai amekuta chungu kimekwisha epuliwa. Yapasa kwenda mwezi wa Agosti, kabla mpango haujaandikwa, na kusema: tunataka mtaro, uanzie hapa uishie pale. Kisha kurudi Februari na Aprili kutazama kama jina la mahali petu limo.

Tena tuliomba maneno badala ya kuomba karatasi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari iliyoko mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo yatakiwa kujibu katika siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, raia aweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Barua isiwe ndefu. Itaje kazi, mahali na mwaka, iombe nakala ya mkataba, orodha ya vipimo na bei, na hati ya kukamilika kwa kazi. Ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yetu irudi nyumbani. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni hadithi tu.

Wengine mwauliza juu ya kumwondoa mwakilishi kabla ya muda wake. Sheria ya 2012 iliitaja njia hiyo, ikataka sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa wadi. Lakini Mahakama Kuu mwaka 2017 ilibatilisha baadhi ya masharti yake. Hatuwashauri muanzie huko. Mwenye kutaka kumwondoa mtu ambaye hajawahi hata kumwandikia barua moja, mahakama yoyote itamwuliza alikuwa wapi.

Twapaswa pia kumjua mwenye jambo. Barabara kuu iendayo Eldoret, polisi, shule za msingi na za sekondari ni mambo ya Serikali ya Taifa. Kumpigia diwani kelele juu ya hayo ni kumpa udhuru wa kutojibu yale yaliyo yake. Lakini liko jambo ambalo halimwachi mwakilishi yeyote, awe wa kaunti au wa taifa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la binafsi huko Solai lilipasuka, maji yakashuka juu ya nyumba za watu waliokuwa wamelala au wakila, wakafa watu wasiopungua 47, watoto wakiwa miongoni mwao. Baada ya msiba Seneti iliunda kamati, maafisa wakaja, na ndipo nchi nzima ikaanza kuuliza kama bwawa lilikuwa na kibali. Hapa kati yetu wamo waliozika. Twajua kwamba vibali vya mabwawa havitolewi na diwani. Lakini kuuliza kama kibali kipo hakuhitaji cheo, na swali hilo lingeweza kuulizwa mchana, mwaka wowote kabla ya ule.

Basi Halmashauri yaleta mambo mawili mbele yenu yaamuliwe leo kwa kura ya kuinua mikono. La kwanza: chama kisipokee fedha, mabati wala zawadi nyingine kutoka kwa mtu aliye katika kiti cha kuchaguliwa, wala kwa anayekitafuta, isipokuwa ada ya uanachama kama ya mtu mwingine yeyote. Twajua mfuko wa mazishi utapungua. Mtunza hazina amepiga hesabu, naye atawasomea. La pili: wachaguliwe watu watatu, mmoja wao awe mwanamke wa sokoni, wahudhurie mikutano ya fedha ya kaunti kwa nauli ya chama na kuleta taarifa kwa maandishi. Kama yule mama wa viazi atakubali kuwa mmoja wao, Halmashauri imekwisha amua kwamba ada yake ya nyuma ifutwe.

Fomu za kuomba habari ziko mezani kwa katibu. Asiyejua kuandika ataandikiwa.