Kazi Wamepata, Nyumba Hawajapata

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za diakonia za sharika)



Mada yangu inahusu kutengwa kwa watu wanaoitwa hijra katika nchi za Asia ya Kusini, hasa India, Pakistan na Bangladesh. Mzee mmoja alipoiona kwenye ratiba aliniuliza, "Mratibu, sisi na huko wapi na wapi?" Nilimwomba asubiri kidogo, nanyi nawaomba hivyo hivyo. Sikuja kubadilisha mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa. Hiyo si kazi ya ofisi ya miradi. Nimekuja kuzungumzia chakula, kodi ya nyumba na orodha za walengwa.

Hijra ni akina nani? Wengi wao walizaliwa wakaandikwa watoto wa kiume, lakini hujitambua na kuishi kama wanawake, au kama watu wasio wa upande wowote. Wengine walizaliwa na maumbile yasiyo bayana. Kule Pakistan huitwa pia khwaja sira. Si jambo la juzi, wala halikuletwa na televisheni. Enzi za wafalme wa Mughal, matowashi walikuwa watumishi na walinzi wa kuaminiwa katika majumba ya kifalme. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ndiyo iliyotunga sheria ya mwaka 1871 iliyotaka waandikishwe polisi, pamoja na makabila yaliyohesabiwa kuwa ya wahalifu. Aliyeandikishwa alikamatwa akionekana barabarani kwa mavazi ya kike, na hata wosia hakuruhusiwa kuandika.

Lakini sheria ni sehemu tu ya habari. Kutengwa kwao huanzia nyumbani. Mtoto akionekana ana mwendo wa kike hupigwa na kaka zake, huchekwa shuleni, na mara nyingi mwishowe huondoka au hufukuzwa. Anayempokea ni guru, yaani hijra mkubwa mwenye nyumba yake, naye huwa mwanafunzi wake. Guru humlisha na kumuuguza, pia huchukua sehemu ya mapato yake. Nisiwapambie mambo: wapo maguru wanyonyaji. Hata hivyo kwa wengi hiyo ndiyo familia pekee iliyobaki. Kazi yao ya jadi ni kwenda kwenye nyumba yenye harusi au mtoto mchanga, wakaimba, wakabariki, wakapewa fedha, maana watu huamini kwamba baraka yao hufanya kazi na laana yao vilevile. Jambo hili limenisumbua sana nikilisoma. Baba wa nyumba humtolea hijra noti ili ambariki mwanawe, na kesho yake hamkubali kuwa mpangaji. Wengine huombaomba kwenye treni na njia panda, na wengine huuza miili yao.

Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu wapatao 488,000 waliandikwa katika safu isiyo ya mume wala ya mke. Kati yao waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 56 hivi, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa kama 74.

Mahakama na serikali zimejitahidi. Mahakama Kuu kabisa ya Nepal iliwatambua mwaka 2007, ya Pakistan ikaagiza mwaka 2009 wapewe haki zao za uraia, serikali ya Bangladesh ikawatambua mwaka 2013, na mahakama ya India mwaka 2014. Pakistan ilitunga sheria ya kuwalinda mwaka 2018, kisha mwaka 2023 Mahakama ya Kisharia ya Shirikisho ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake.

Tazameni sasa yaliyotokea Kochi, jimbo la Kerala. Mwaka 2017 kampuni ya treni za mjini iliajiri watu zaidi ya 20 wa kundi hili, wengine wa kukata tiketi, wengine wa usafi. Magazeti yalisifu sana. Haukupita muda wanane wakaacha kazi. Wenye nyumba walikuwa wamekataa kuwapangisha, ikabidi walale nyumba za wageni, na mshahara ukaishia huko. Mradi wenyewe haukuwa na kasoro kwenye karatasi. Hakuna aliyekaa kwanza na wenye nyumba.

Kanisani nako hali ilikuwa hiyo. Mwaka 2020 Wakristo wa kundi hili huko Karachi walianzisha ibada yao, kwa sababu katika makanisa mengine, kwa maneno yao, walichekwa na kunyimwa nafasi ya kuimba. Waliliita kanisa lao kwa jina la matowashi. Wasomaji wa Isaya 56 na Matendo 8 wataelewa kwa nini.

Bangladesh ndiko kunakotugusa sisi wanakamati. Baada ya kutambuliwa, hijra 12 walichaguliwa kwa ajira serikalini. Mwaka 2015 wakapelekwa kupimwa kama ni hijra wa kweli, wakavuliwa nguo, wakadhihakiwa, kisha ikatangazwa kwamba ni wanaume tu. Kazi hawakupata, na picha zao zikatoka magazetini.

Nasi huwahakiki watu. Kijana mmoja mwenye kifafa alikuwa akilala kwenye banda la mashine ya kusaga, katika usharika mmoja wa dayosisi yetu. Kamati nzima ilimfahamu, akina mama walimpa ugali. Kwa miaka mitatu hakuwamo kwenye orodha ya mradi wa mbuzi, kwa kuwa fomu huuliza mkuu wa kaya, naye hakuwa na kaya. Orodha zote tatu nilizisaini mimi.

Mjumbe mmoja ameniuliza, "Je, akitokea hapa kwetu mtu wa namna uliyoieleza?" Nimemjibu kwamba fomu ya chakula haina safu ya mavazi, na sitaiongeza.

Fomu hiyo mnayo kwenye mafaili yenu, ukurasa wa pili. Baada ya chai tutaanza na safu ya "mkuu wa kaya". Naomba kila usharika uje na majina ya wanaolala mahali pasipo na kaya.