Sauti Isikatike Njiani
Maelezo ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika



Tumeombwa tueleze kwa nini barua pepe hufika salama katika mtandao usiotumia nyaya, lakini simu ya sauti katika mtandao huo huo hukwaruza, hukatika, au huchelewa hadi wazungumzaji wanaingiliana maneno. Maombi ya miradi ya aina hii huletwa mezani kwenu yameandikwa "intaneti" tu, kana kwamba matumizi yote ni sawa. Sivyo.

Mtandao tunaouzungumzia hauna mnara mmoja. Kila kifaa hupokea ujumbe wa jirani na kuusogeza mbele, kama ndoo za maji zinavyopita mkono kwa mkono wakati wa kuzima moto. Huko Mankosi, Eastern Cape, nchini Afrika Kusini, wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape kujenga mtandao wa namna hiyo, na mwaka 2014 wakasajili ushirika wao, Zenzeleni. Walianza na vifaa viitwavyo Mesh Potato, ambavyo huchomekwa simu ya mezani ya kawaida. Umeme ulitoka kwenye jua, na betri hizo hizo zikachaji simu za wanakijiji kwa malipo. Hilo la kuchaji, kwa maoni yetu, ni busara kuliko mitambo yenyewe.

Sasa tatizo lenyewe. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde kwa kila upande. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Barua pepe ikichelewa sekunde tano hakuna anayejua. Kipande cha sauti kikichelewa hivyo hakina kazi tena, hata kikifika kizima.

Aidha, kifaa chenye redio moja hakiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Ujumbe ukipita hatua mbili, uwezo hubaki karibu nusu. Ukipita tatu, theluthi. Tena kila kipande, hata kiwe kidogo namna gani, hungoja zamu yake hewani, na vipande vingi vidogo humaliza nafasi upesi kuliko faili moja kubwa. Hivyo basi msidanganywe na "megabiti 54" iliyoandikwa kwenye boksi. Na vifaa viwili vilivyotenganishwa na kilima havisikiani. Vyote humsemesha wa katikati kwa pamoja, naye hasikii hata kimoja.

Dawa ipo, ila si kamili. Kanuni ya IEEE 802.11e ya mwaka 2005 iliweka foleni nne: sauti, video, matumizi ya kawaida, na yale yanayoweza kungoja. Ni kama zahanati inavyomtanguliza mgonjwa mahututi. Lakini foleni haiongezi nafasi. Kila mtu akijiita mahututi, tumerudi tulikoanza. Tena kila kifaa hupanga foleni yake chenyewe. Hakuna anayeisimamia njia nzima. Betri ya kituo kimoja ikiisha usiku, njia hutafutwa upya, na mazungumzo hukatika wakati huo huo. Mkandarasi anayewaahidi sauti isiyokatika kamwe katika mtandao wa namna hii anaahidi asichoweza kutoa.

Kinachowezekana ni mtandao kukataa simu mpya pale njia inapojaa, ili zilizokwisha kuunganishwa zisikike. Hapo ndipo kamati inapohusika, maana fundi hawezi kuamua nani akataliwe. Mama mjamzito yuko zahanati, mhudumu anamtafuta daktari, na saa hiyo hiyo vijana wetu wanapakua filamu. Nani atangulie? Andikeni jibu kwenye muhtasari kabla fundi hajafunga kifaa cha kwanza.

Tunaomba pia kwamba, kabla ya malipo ya mwisho, mradi ujaribiwe kwa simu kutoka kituo cha mbali kabisa, jioni, watu wote wakiwa mtandaoni. Jaribio la saa nne asubuhi, mtandao ukiwa mtupu, msilipokee.