Tuzuru Visiwa Vyetu, Turudi Salama

Hotuba ya afisa wa utalii wa kaunti kwa wakazi waliokusanyika Mbita, Kaunti ya Homa Bay



Naomba nianze kwa swali. Ni wangapi kati yetu wamewahi kupanda hadi Kwitone, kule Mfangano, wakaiona michoro ya kale kwenye mwamba? Inueni mikono. Naona mikono michache, na mingi ni ya watu wa Mfangano wenyewe.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kuja kwangu. Wageni hutoka Nairobi, hutoka ng'ambo, wakaja kutazama visiwa ambavyo sisi tunaviona kila asubuhi kutoka mlangoni, na bado hatujavikanyaga. Baadhi yetu hudhani safari hiyo ni ya wenye pesa. Wengine wanaogopa maji, na siwalaumu. Leo nina mambo mawili: kwamba safari hii ni yetu, na kwamba tunaweza kuifanya bila kuweka maisha rehani.

Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa lugha ya nyumbani, ndilo ziwa kubwa zaidi barani Afrika. Lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Lakini katika asilimia hiyo ndogo, kaunti yetu imepata fungu zuri: Rusinga, Mfangano, Takawiri, na vijisiwa vya mawe ambako ndege hukusanyika kwa wingi.

Anayeogopa maji aanze na Rusinga. Hahitaji boti. Unavuka daraja hapa Mbita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Huko liko kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri. Jengo la kaburi hilo lina umbo la risasi. Mpeleke mtoto wako aulize kwa nini, halafu umweleze. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka wa 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuchukue kuwa kumbukumbu ya safari. Uache pale pale, uwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa.

Mfangano ni ya boti. Safari kutoka hapa inaweza kuchukua saa moja na zaidi, kulingana na boti na upepo. Ukifika, kuna mlima wa Kwitutu kwa wenye miguu ya kupanda. Ukisimama juu, ziwa lote linakuzunguka. Kuna michoro ya Kwitone na ya pango la Mawanga, miduara myekundu na myeupe ambayo inasemekana ilichorwa na Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla yetu. Kuna makavazi ya jamii ya Abasuba yanayohifadhi historia ya watu wa kisiwa. Michoro ile msiiguse, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, wala msiandike majina yenu kando yake. Imedumu mamia ya miaka. Isije ikafutwa na kizazi chenye simu.

Takawiri ina ufuo wa mchanga mweupe. Watoto watafurahi. Na anayelala visiwani usiku usio na mbalamwezi atakaa ufuoni atazame taa za wavuvi wa omena zikijipanga majini kama mji mzima. Hiyo haina ada.

Sasa nije kwa jambo la pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaanza kazi hii, nilipanda boti katika ufuo mmoja. Tulikuwa watu kumi na wanne. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa manane. Niliyahesabu. Nilitaka kusema neno, nikaona haya: watu wana haraka, nahodha ni mtu mzima, mimi ni nani? Nikanyamaza, nikachukua langu nikavaa. Tulipofika katikati, upepo ukageuka, maji yakaanza kuingia. Kando yangu alikuwa mama na mtoto wa miaka kama minne, wote wawili hawana jaketi. Nilivua langu nikamfunga mtoto. Lilimmeza hadi masikioni. Tulifika salama, tumelowa chapachapa. Lakini najua kwamba jaketi lile lingemponyoka mtoto mara tu angegusa maji. Siku hiyo tuliokolewa na bahati, na bahati haina ratiba.

Msiseme, "Ni hapo tu, si mbali." Mwaka wa 2018 kivuko cha MV Nyerere, upande wa Tanzania, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga katika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa, ufuo ukionekana.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kabla ya kupanda boti fanyeni haya.

Kwanza, hesabuni. Watu wangapi, majaketi mangapi. Yakipungua, msipande. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla boti haijaondoka. Lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Mtoto apate la kimo chake.

Pili, tokeni asubuhi. Upepo wa ziwa huongezeka mchana, na mawimbi hupanda nao. Mkiondoka saa moja asubuhi, pangeni kurudi mapema au mlale huko. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni, kisha muulizeni mvuvi aliyetoka majini asubuhi hiyo. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze wala msimwongezee pesa.

Tatu, acheni jina lenu ufuoni kwa kamati: mko wangapi, mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi. Kukitokea shida, pigeni 999 au 112.

Nne, msiogelee popote tu. Ulizeni wenyeji palipo na viboko na mamba. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani nchi kavu, kwa hivyo msitembee kando ya maji gizani. Tena kuna kichocho, ambacho huletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini, hasa penye magugu kando ya ufuo. Aliyeingia majini aende kituo cha afya apimwe. Ugonjwa huo una dawa.

Kwenu manahodha na vijana wa kuongoza wageni: najua jaketi ni gharama, na abiria watano mliowaacha ni pesa mliyoiacha. Lakini mgeni aliyehesabiwa, akavishwa na kurudishwa salama atarudi na wenzake. Boti moja ikizama, fuo zote hukosa wageni, hata zile zisizo na hatia.

Kwenu wasafiri: patanani bei kabla ya kuondoka, mchukueni kijana wa kisiwani awaongoze, kuleni samaki kwa mama wa pale pale, na takataka zenu mrudi nazo. Hivyo ndivyo shilingi ya safari hubaki nyumbani.

Mwisho, nataka tukikutana tena niulize swali lile lile la Kwitone, nione mikono mingi. Na anayeona haya kuhesabu majaketi mbele ya watu, akumbuke kwamba majuto ni mjukuu. Aibu ya kusema neno ufuoni huisha kabla boti haijang'oa nanga.