Vumbi, Pumu na Kazi ya Njia

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Voi



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya ugonjwa wa pumu na mafua haya ya vumbi yanayotushika kila kiangazi. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa gengi, kazi yetu ni koleo, nyundo na mataruma, na tuliyo nayo ni yale tuliyoyaona njiani na yale tuliyofundishwa hospitalini siku tulipompeleka mwenzetu. Tutasema hayo, na mwenye swali atauliza.

Nchi hii kati ya Mackinnon Road na Mtito Andei kila mmoja wetu aijua. Wajenzi wa reli walipoipita nyika ya Taru mwaka 1897 shida yao kubwa ilikuwa maji, na hata leo shida ni ile ile. Masika yakiisha mwezi wa Mei, hatuoni mvua ya maana mpaka vuli ya Novemba. Udongo mwekundu wakauka ukawa kama unga, na upepo ukivuma adhuhuri hata chai twainywa na mchanga ndani.

Lakini vumbi si adui peke yake. Vuli ikinyesha twashangilia ya kwamba vumbi limelala, kisha baada ya majuma machache majani yachanua, na ule unga wa maua, yaani chavua, waruka hewani. Ndiyo maana wako wenzetu wanaopiga chafya na kuwashwa macho mwezi wa Desemba, hali nchi ni mbichi. Mwili wao umekikataa kitu ambacho mwili wa jirani wakivumilia. Huo ndio mzio. Tena msidharau mafua hayo, maana pua na kifua ni njia moja. Tarehe 21 Novemba 2016, katika mji wa Melbourne, Australia, dhoruba iliipasua chavua ya majani ikawa vipande vidogo sana, na watu maelfu wakaishiwa pumzi usiku mmoja. Kumi walikufa. Katika walioishiwa pumzi wako waliokuwa hawajapata kuambiwa wana pumu. Walijua wana mafua ya msimu tu.

Pumu yenyewe ni hivi. Mirija inayopeleka hewa kifuani huvimba ndani, nyama zake hujikaza, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa ikipita kwa shida hupiga mluzi. Mara nyingi husumbua usiku na alfajiri. Haiambukizi, kwa hiyo msimtenge mtu wala kikombe chake. Wala si uchawi, ingawa tumesikia mengi katika landhi zetu. Huonekana sana katika jamaa moja, baba na mtoto.

Sasa tuwaambie habari ya mwenzetu. Jina lake hatulitaji, naye ametupa ruhusa. Alikuwa na pumu miaka mingi, na sisi tuliolala naye chumba kimoja tulijua, lakini msimamizi hakujua, kwa sababu mwenzetu aliogopa kuandikwa kuwa hafai kazi. Akikohoa alisema ni sigara, hali havuti sigara. Dispensari walikuwa wamempa inhela mbili, ya buluu na ya kahawia. Ile ya kahawia aliiacha, akasema haina nguvu. Ya buluu aliipenda, kwa kuwa akivuta mara mbili kifua chafunguka papo hapo.

Mwezi wa Septemba tulikuwa tukimwaga kokoto kutoka mabehewa. Ninyi mwajua vumbi lake, jeupe, hata huwezi kumwona aliye mbele yako. Akaanza kuinama. Akaitoa inhela yake, akabonyeza, haikutoa kitu. Ilikuwa imekwisha, wala hakujua. Tulimwuliza swali, akajibu neno moja moja. Tukampakia katika toroli mpaka penye gari, na gari mpaka hospitali, na njiani yule aliyekuwa akipiga mluzi akanyamaza. Sisi kwa ujinga wetu tulifurahi, tukasema amepata nafuu. Daktari alitwambia baadaye kwamba kifua cha mtu wa pumu kikinyamaza naye bado anahangaika, hewa haipiti tena. Tulibakiza kidogo sana kumzika.

Basi yashikeni haya. Dawa ya buluu hufungua mirija kwa saa chache, lakini uvimbe wa ndani hauuondoi. Ile ya kahawia, au rangi nyingine kwa kadiri ya kiwanda, ndiyo inayotuliza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku, uwe mzima au mgonjwa, na huchukua majuma kabla hujaiona kazi yake. Ukimaliza kuivuta, sukutua maji uteme, usije ukapata utando mweupe kinywani. Tangu mwaka 2019 shauri la wataalamu wa dunia ni kwamba mtu mzima asitibiwe kwa ya buluu peke yake. Siku hizi iko pia inhela yenye dawa zote mbili pamoja, nanyi mwaweza kumwuliza daktari habari zake. Mtu anayemaliza chupa nzima ya buluu kila mwezi yumo katika hatari ya kufa, hata kama anatembea na kucheka nasi.

Kuhusu chupa kwisha: nyingi zina mivuto 200. Ukivuta ya kahawia mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ni minne kwa siku, basi itadumu siku 50. Andika tarehe juu ya chupa siku unapoifungua. Kuitikisa sikioni si kipimo, maana dawa yaweza kwisha na gesi ikabaki.

Wengi tulikuwa tukivuta vibaya, dawa yote ikabaki ulimini. Tikisa chupa, toa pumzi, funga midomo vizuri, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Anayeshindwa, na watoto, wapate chombo cha kupitishia dawa. Kama hakuna fedha, chukua chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, uioshe, toboa kitako chake kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa inhela, uchomeke hapo, na uvute kupitia mdomo wa chupa. Haya si maneno ya vijiweni. Madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa kama hiyo kwa watoto wenye pumu, wakatangaza mwaka 1999 kwamba yafaa kama ile ya dukani. Ioshe kwa sabuni, uiache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa.

Mtu akishikwa, akae kitako, asilazwe chali. Apewe ya buluu mivuto minne kwa kupitia chupa, mmoja mmoja, na baada ya dakika 20 arudiwe kama bado. Lakini akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, au akianza kusinzia, msingoje hizo dakika. Tafuteni gari, na dawa aendelee kuvuta humo njiani.

Nyumbani, akina mama, nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Nguo za kazini zisiangikwe chumbani penye watoto. Moshi wa kuni, wa sigara na wa ile dawa ya mbu ya kuchoma, wote hukaza kifua. Kwa pua inayowasha, maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, yaondoa vumbi vizuri. Wako wanaoomba uhamisho wa Mombasa kulikimbia vumbi. Wengine hupata nafuu, wengine huzidi, maana penye unyevu wadudu wadogo wasioonekana huzaana katika magodoro, na mizio mingi hutokana nao. Tusiuze mbuzi wetu kabla hatujajua ni kitu gani kinachotusumbua.

Tena si kila kikohozi ni pumu. Kikohozi cha zaidi ya majuma mawili kipimwe kifua kikuu. Na vumbi la mawe lina ubaya wake: likikaa mapafuni miaka mingi hufanya makovu yasiyoponyeka, na mtu huyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hapo hakuna inhela itakayosaidia.

Ndiyo maana tulisema, dawa peke yake haitoshi, lazima vumbi lizuiwe pale linapotoka. Baada ya mambo ya Septemba tuliomba maji ya kumwagia kokoto kabla ya kufungua mabehewa. Tukajibiwa ya kwamba maji ni ya kunywa. Tukaomba barakoa, zikaletwa zile nyepesi za karatasi zinazoacha nafasi pembeni. Vumbi laini laingia kama nzi dirishani. Inayofaa ni ile ya N95 au namna yake, inayoshika uso pande zote. Leso shingoni si kitu, ingawa sote twaifunga.

Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, si juu ya mshahara wako. Sheria nyingine ya mwaka huo huo yahusu fidia, nayo yahesabu magonjwa yanayotokana na kazi pamoja na ajali. Lakini fidia hudaiwa kwa maandishi. Kwa hiyo tulinunua daftari la shilingi chache, tukaandika kila siku ya kokoto, upepo ulikuwaje, na nani alikohoa. Daftari hilo lilipowekwa mezani, tangi la maji likaja. Haliji kila mara. Mwezi uliopita halikuja mara mbili, nasi tumeandika.

Mwenzetu hakufukuzwa. Amepewa kazi ya kulinda geti, anapumua, lakini posho ya njiani ameipoteza, naye ana watoto wanne. Jambo hilo Katibu bado analo. Tunalitaja hapa kwa sababu tunajua wako wengine miongoni mwenu wanaoficha, nao wanahesabu posho hiyo hiyo vichwani mwao hivi sasa.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa hapa tena. Kila mwenye inhela aje nayo, na chupa tupu ya nusu lita. Waya na moto tutaleta sisi.