Je, Simu Yaweza Kuondoa Kompyuta Nyumbani?

(Hotuba ya mwanachama wa gengi la matengenezo ya reli, iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi. Imechapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mnanijua. Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika nyundo na spana. Lakini mkutano uliopita tulibishana sana juu ya neno moja, na Bwana Katibu akaniambia nilifikirie vizuri kisha nije niseme mbele yenu.

Neno lenyewe ni hili. Ilitolewa hoja kwamba tawi letu litumie sehemu ya fedha za wanachama kununua kompyuta moja na mashine ya kuchapisha, ziwekwe katika ofisi yetu. Ndugu mmoja akasimama akasema kwamba huo ni upotevu wa fedha. Alisema, "Kompyuta ni kitu cha jana. Kila mtu hapa ana simu mfukoni, na simu itafanya yote." Wengi walimpigia makofi. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini nilipofika nyumbani nikakaa nikafikiri, nikaona kwamba makofi yangu yalikuwa ya haraka.

Kwanza tumpe ndugu yetu haki yake. Simu imefanya makubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, mtu wa gengi aliye mbali katikati ya nyika aweza kumpelekea mama yake fedha bila kupanda basi. Leo twaangalia zamu zetu kwa simu, twalipa stima kwa simu, twasoma habari za msiba na za arusi kwa simu. Wala si sisi peke yetu. Kwa hesabu ya StatCounter, mwezi wa Oktoba 2016 watu wa dunia walifungua intaneti kwa simu na tableti zaidi kuliko kwa kompyuta, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tena, simu hii ni kompyuta hasa. Ina ubongo wa kuhesabu, ina mahali pa kuweka kumbukumbu, na inatumia programu. Kompyuta ya IBM iliyouzwa kwa watu mwaka 1981 ilijaza meza, na simu ya bei ndogo iliyo mfukoni mwako yaishinda mbali sana kwa nguvu. Kwa hiyo mtu akisema simu haina nguvu ya kutosha, hajui asemalo. Nguvu ipo.

Basi kama nguvu ipo, kwa nini kompyuta haijaondoka? Watu wamejaribu. Mwaka 2011 kampuni ya Motorola ilitoa simu iitwayo Atrix, ambayo uliweza kuichomeka katika chombo chenye kioo kikubwa na vitufe vya kuandikia, ikawa kama kompyuta. Haikuenea. Mwaka 2013 kampuni ya Canonical iliomba watu wachange dola milioni 32 ili itengeneze simu ya Ubuntu Edge, ya kuwa simu na kompyuta pamoja. Michango haikufika hata nusu, na simu ile haikutengenezwa. Mwaka 2017 Samsung ilileta DeX, na hiyo ingali ipo: unaunga simu na televisheni, unaweka vitufe vya kuandikia na kipanya, unafanya kazi. Lakini ni watu wangapi humu mmeiona nyumba inayotumia hivyo? Mimi sijaiona hata moja.

Ndugu zangu, tazameni neno hili kwa macho ya mtu wa reli. Palipo jumba la makumbusho ya reli kule Nairobi imesimama injini ya moshi ya aina ya Garratt, jina lake Mount Gelai. Injini za jinsi ile zilikuwa 34. Zilitengenezwa Manchester katika miaka ya 1950, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Wazee waliozifanyia kazi husema ardhi ilitetemeka zilipopita. Leo haziko njiani. Ziliondolewa na dizeli. Kwa nini? Kwa sababu dizeli ilivuta mabehewa yale yale, juu ya reli ile ile, bila kusimama kila mara kutafuta maji. Ilifanya kazi ile ile kwa taabu ndogo.

Sasa fikirini trole yetu ya gengi. Trole nayo hupita juu ya reli. Ni nyepesi, ni rahisi, yafika upesi mahali pa kazi. Bila trole tungeumia. Lakini je, mmesikia mtu akisema trole imeondoa gari la moshi? Hapana. Zote mbili zapita juu ya reli moja, lakini kazi zake ni mbalimbali.

Basi swali letu si kama simu ni nzuri. Swali ni hili: je, simu kwa kompyuta ni kama dizeli kwa moshi, au ni kama trole kwa treni?

Nitawaeleza yaliyonipata. Miaka miwili iliyopita palitangazwa nafasi za mafunzo ya usimamizi. Nilizitaka sana, maana ndiyo njia ya kupanda daraja. Fomu ilikuwa katika intaneti. Nikaijaza kwa simu usiku, baada ya zamu, kwa kidole gumba. Palikuwa na jedwali la kuandika kazi ulizofanya, mwaka kwa mwaka. Katika kioo changu kidogo niliona safu tatu, nikazijaza zote, nikatuma. Baada ya majuma matatu nikajibiwa kwamba ombi langu halikukamilika. Kumbe palikuwa na safu ya nne, ng'ambo ya ukingo wa kioo, nami sikuiona. Siku za kuomba zilikuwa zimekwisha. Mwenzangu wa gengi lile lile alikwenda saiba, akalipa shilingi chache, akaijaza fomu ile ile mbele ya kioo kipana. Leo yeye ni msimamizi, nami namwita bwana. Simwonei wivu, ni mtu mwema. Lakini nawaambia, tofauti yetu sisi wawili haikuwa akili. Ilikuwa ni upana wa kioo.

Jambo la pili ni la watoto wetu. Mnakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Walimu wengine walikuwa wakileta masomo kwa simu. Katika nyumba yangu simu yenye intaneti ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Nilipokwenda kazini ilikwenda nami. Watoto walikaa wakingoja baba arudi ili masomo yarudi. Nilipokuwa zamu ya usiku, walisoma asubuhi mimi nikiwa usingizini, na simu ilipolia waliacha kusoma waniamshe. Hapo ndipo nilipojifunza neno ambalo sikulijua: simu ni ya mtu, na kompyuta ya nyumbani ni ya nyumba. Mmoja akiondoka, kompyuta hubaki mezani kwa ajili ya wengine. Simu humfuata mwenyewe, hata kaburini karibu.

Tena tusijidanganye kwamba nyumba zetu zilikuwa na kompyuta na sasa twaziacha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kati ya kila nyumba 100 za Kenya, zenye kompyuta au tableti hazikufika hata 9. Huwezi kusema kitu kimeondolewa mahali ambapo hakikupata kufika. Kwa tajiri, simu ni nyongeza ya kompyuta. Kwetu sisi, simu ndiyo tuliyopewa badala yake. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nibadili mawazo yangu. Nendeni katika ofisi yo yote ya waajiri. Mtaona nini mezani? Mtaona kompyuta. Simu zao wanazo, tena nzuri kuliko zetu, lakini mishahara hawaihesabu kwa simu. Barua za kufukuza kazi hawaziandiki kwa kidole gumba. Wao huandika, sisi husoma. Wao hutengeneza fomu, sisi hubonyeza pale palipoandikwa "Nakubali." Simu ni chombo kizuri sana cha kupokea. Kompyuta ni chombo cha kutengeneza. Mtu anayepokea tu siku zote, huyo ni wa kuamriwa siku zote.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 57, yasema kwamba mwajiri akikaa na chama kupatana, sharti atoe habari zote zinazohusika ili chama kiweze kupatana sawasawa. Ni sheria njema. Lakini habari hizo hazitoki siku hizi kwa karatasi mbili. Zatoka kama jedwali lenye mistari mamia: mishahara, marupurupu, saa za ziada, makato. Je, wajumbe wetu watalisoma kwa nini? Kwa kioo cha kiganja? Safu ya nne ikijificha pale, atakayepoteza si mtu mmoja kama mimi. Ni sisi sote, na kwa miaka yote ya mkataba.

Sasa nijibu swali. Je, iko siku simu itaondoa kompyuta nyumbani? Kwa maoni yangu, lile sanduku laweza kuondoka. Pengine iko siku mtoto atarudi nyumbani, aiweke simu mezani, iungane na televisheni na vitufe, afanye kazi yake yote. Mahali pengine yafanyika tayari. Lakini angalieni: akishaweka kioo kipana, vitufe vya vidole kumi, meza na kiti, na saa ya utulivu, amefanya nini? Ametengeneza kompyuta. Kilichobadilika ni sanduku tu. Kazi yenyewe ingali yataka meza. Kwa hiyo nasema, kwa kazi ya kupokea na kupasha habari simu ni dizeli, na moshi umekwisha. Kwa kazi ya kuandika, kuhesabu na kujifunza, simu ingali trole.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tusiiache simu, ndiyo mbacha wetu, twaijua na twaimudu. Wala tusikubali kuambiwa kwamba inatutosha, hali wanaotuambia hivyo wanakalia meza zenye kompyuta.

Basi naleta mashauri manne.

La kwanza, tawi linunue kompyuta moja na mashine ya kuchapisha. Iliyotumika yafaa, mradi fundi aikague. Ikae ofisini kwa wanachama wote, kwa kuwa mmoja mmoja hatuwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, kila Jumamosi watoto wa wanachama wapewe nafasi kwa zamu, na jioni wanachama wenyewe wafundishwe kuandika barua na kusoma jedwali. Wako vijana humu waliosoma. Wasione haya kutufundisha, nasi wazee wa gengi tusione haya kufundishwa.

La tatu, kila mwanachama aweke nakala ya hati zake za mshahara mahali pengine mbali na simu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yakupa haki ya kupata maelezo ya mshahara wako kwa maandishi. Simu ikianguka katika mto, haki yako isizame nayo. Tena mwenye kununua simu kwa malipo ya kila siku akumbuke kwamba akikosa kulipa yaweza kufungwa kwa mbali, na hati zake zimo ndani.

La nne, tumwombe mwajiri kwamba kila fomu inayohusu kazi yetu ifunguke sawasawa katika simu ndogo, na ipatikane kwa karatasi pia. Mtu asinyimwe daraja kwa sababu ya upana wa kioo.

Ndugu yangu uliyesema kompyuta ni kitu cha jana, sikusemi vibaya. Ulisema kwa kuhurumia fedha zetu, na mlinzi wa fedha za chama ni mtu wa heshima. Lakini nakuomba, kabla ya kupiga kura, fungua simu yako, tafuta mkataba wetu wa pamoja, usome jedwali la mishahara mpaka safu ya mwisho. Ukimaliza bila kuumwa na macho, nitapiga kura pamoja nawe.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Umoja ni nguvu.