Mkataba Kabla ya Kiunzi: Mhadhara wa Umma juu ya Uteuzi wa Fremuweki ya Huduma za Wavuti



Nilipoalikwa kusema mbele yenu katika mji huu wa Babati, ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, moja ikashika njia ya Singida na nyingine ya Kondoa na Dodoma, niliazimia kunena kwa upole juu ya namna taasisi ipasavyo kuteua fremuweki ya huduma za wavuti, yaani kile kiunzi cha programu ambacho kwacho mfumo mmoja hutuma maombi kwa mfumo mwingine na kupokea majibu. Lakini juma hili kijana mmoja hodari, msanidi wa programu, aliniambia, kwa yakini ya mtu ambaye hajapata kuamshwa usiku na simu ya mhasibu, kwamba suala hilo limekwisha: SOAP, ile itifaki ya zamani ya kutumiana ujumbe wa XML ndani ya bahasha, imekufa, REST imerithi, na aliyebakiwa na kazi ya kuteua ateue iliyo mpya na yenye kasi. Upole ukanitoka, nanyi mtaniwia radhi nikitumia sehemu kubwa ya saa yangu kumjibu.

Habari za CORBA, XML-RPC na WSDL nazipita. Wenzangu wa fani wanazijua, na wasiozijua hawatadhurika leo. Nitasimama penye neno REST lenyewe, ambalo limekuwa kanzu ya kuazima, kila mtu hulivaa hata lisipomkaa. Lilizaliwa katika tasnifu ya udaktari ya Roy Fielding, aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka 2000, nami sioni haya kukiri kwamba nakala yangu imelegea mshono penye sura ya 5. Insafu ya mwandishi yule ni ya ajabu. Hauzi bidhaa wala hamtukani mtu. Anauliza tu ni masharti gani yaliyouwezesha Wavuti kuenea ulimwenguni pasipo kuvunjika, kisha anaanza na mfumo usio na sharti lolote, akiongeza moja baada ya jingine kama fundi wa jahazi apigiliaye ubao juu ya ubao, na kila ubao anautajia faida yake na gharama yake. Mteja atengwe na seva. Seva isiweke kumbukumbu ya mazungumzo baina ya ombi na ombi. Majibu yaseme kama yafaa kuhifadhiwa. Kiolesura kiwe cha namna moja. Mfumo upangwe kwa matabaka. Na la sita, la kumtumia mteja programu aiendeshe kwake, ndilo pekee aliloliacha kuwa la hiari. Ndani ya sharti la kiolesura cha namna moja limo ambalo kijana wangu hakupata kulisikia, kwamba jibu lenyewe, kwa viungo vyake, limwonyeshe mteja hatua ifuatayo. Oktoba 2008 Fielding mwenyewe alishika kalamu kulalamika kwamba watu wanakiita REST kila kiolesura kipitacho juu ya HTTP. Basi asemaye REST imeishinda SOAP aghalabu amekusudia kwamba JSON ni nyepesi kuandika kuliko XML, jambo ambalo ni kweli, nalo ni dogo.

Natuje nyumbani. Hapana mtu humu ukumbini asiyepata kushika ile kumbukumbu namba ya tarakimu 12, muiitayo kontroo namba, akaenda nayo kwa wakala wa simu kulipia leseni au kodi ya pango. Namba hiyo hutoka katika mfumo wa malipo ya Serikali uitwao GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Taasisi hutuma ankara katika ujumbe wa XML uliotiwa saini ya kidijitali. GePG hujibu kwamba imeupokea, basi. Namba yenyewe huja baadaye kwa ujumbe mwingine, ukabisha hodi kwenye seva ya taasisi. Na malipo yakifanyika huja ujumbe wa tatu. Hapana bahasha ya SOAP hapo, wala hapana REST ya Fielding. Upo mkataba ulioandikwa ukasomwa, na aliye na Java huutimiza sawasawa na aliye na PHP.

Ama kasi, namkubalia kijana kwamba gRPC, iliyotolewa na Google mwaka 2015, ni nyepesi sana baina ya seva na seva; lakini kivinjari hakiwezi kuzungumza nayo pasipo mkalimani katikati, na karani wa taasisi zetu kazi yake i katika kivinjari.

Mimi nimeonja taksiri ya kasi. Miaka iliyopita nilikitengenezea chama kimoja cha ushirika mfumo wa kupokelea mbaazi, ghala likiwa upande wa pili wa mlima Kwaraa, ambako mtandao huja na kuondoka kama mvua ya vuli. Karani alipima, akabonyeza. Ombi likafika, mzigo ukaandikwa, ila jibu likapotea njiani. Kioo kikazungusha kile kiduara chake, naye, kama afanyavyo kila mwenye akili, akabonyeza tena. Mzee aliyeleta kilo 86 akaandikiwa 172. Ni yeye aliyekuja kunitafuta, akaniambia, “Mwanangu, mizani yako ina ukarimu.” Fremuweki yangu ilikuwa mpya kabisa, nayo ililiandika kosa langu upesi mno. Karani akavuta mtoto wa meza, akanionyesha kitabu cha zamani cha stakabadhi: kila karatasi ina namba iliyochapwa kwa wino mwekundu, chini yake kaboni na nakala, hata namba moja haiwezi kuandikiwa mizigo miwili mhasibu asiione.

Tangu siku ile nashikilia kwamba mkataba hutangulia kiunzi, na kwamba kila ombi sharti libebe namba itolewayo na mtumaji, ili seva ikiliona mara ya pili irudishe jibu lile lile la kwanza bila kuandika upya. HTTP yenyewe yatambua tofauti hii: PUT ikirudiwa haiongezi kitu, ilhali POST haina ahadi hiyo. Nikilazimishwa kutaja jina nitataja Apache CXF, iliyopatikana kwa kuunganishwa Celtix na XFire mwaka 2006, kwa kuwa yazungumza SOAP na REST zote mbili, na yakuruhusu kuanzia kwenye mkataba. Penye vijana wanaoijua PHP, Laravel itaifanya kazi hiyo pia. Hoja ya kuichagua Laravel nimeipima kwa haki, na bado nachagua CXF, labda kwa kuwa nimezeeka nayo.

Enyi wasanidi wa Babati, siku mtakapoitwa na chama cha ushirika, msifungue kompyuta kabla ya kumwomba karani kitabu chake cha stakabadhi. Hesabuni safu zake, mwulizeni kila safu hujazwa na nani, na lini, na huwaje akikosea. Kisha njooni tubishane juu ya fremuweki. Mimi nipo ukumbini hapa hadi saa 12 jioni.